Tumsindikize, Tusimbebe Wala Kumsukuma



Katika vijiji vyetu vya Mlima Meru, kuanzia Nkoaranga na Akeri hadi Poli na Nkoanrua, mgeni hatoki nyumbani peke yake. Akishakunywa chai yake au kula loshoro, akaaga, mwenyeji hujifunga kanga na kutoka naye. Hupita naye katikati ya migomba na mibuni, huvuka naye mfereji, na kumfikisha barabarani yanakopita magari. Hata wenzetu wa mjini, wa Sakina, Kijenge na Ngarenaro, hawajaiacha desturi hiyo. Jirani atakusindikiza mpaka kituo cha daladala hata kama ni hatua thelathini tu.

Nanyi mnajua jambo moja ambalo sisi sote tumeliona. Mara nyingi neno zito halisemwi sebuleni. Mgeni anaweza kukaa saa mbili akizungumzia mvua na bei ya maharage sokoni Tengeru, akicheka na watoto, akimsifu mwenyeji kwa chai nzuri. Akifika pale kwenye mfereji husimama, hutazama chini na kusema, "Mama, kuna jambo."

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya kuwatunza na kuwaongoza wengine kama Wakristo. Sisi tulio katika jumuiya na vikundi vya akina mama tumepewa kazi hiyo hata kama hatuvai joho. Wachungaji wetu ni wachache na sharika ni kubwa. Anayegonga mlango wa jirani usiku mtoto akiwa na degedege hagongi nyumba ya mchungaji, hugonga nyumba ya mama wa jirani. Basi tunapenda tujifunze kutokana na desturi yetu wenyewe ya kusindikiza. Anayesindikiza hamvuti mgeni kwa mkono, wala hambebi mgongoni. Anatembea kando yake, kwa mwendo wa mgeni.

BWANA YESU NJIANI

Someni tena Injili ya Luka sura ya 24, habari ya wale wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau. Walikuwa wamevunjika moyo na wameupa mji wa Yerusalemu kisogo. Bwana aliyefufuka aliwafikia njiani. Angeweza kuwaambia mara moja, "Ni mimi," na huzuni yao ingekwisha hapo hapo. Lakini hakufanya hivyo. Alitembea nao kwanza. Kisha aliwauliza walikuwa wanazungumza nini. Akawaacha wasimulie habari yote, pamoja na mambo aliyoyajua kuliko wao, kwa kuwa yalimpata yeye mwenyewe! Baada ya kuwasikiliza ndipo alipowafundisha, na mafundisho yake hayakuwa ya kuwabembeleza tu, kwa maana aliwakemea pia kwa uzito wao wa kuamini. Walipofika kijijini hakujiingiza nyumbani mwao, bali alingoja kukaribishwa.

Tazameni mpango huo: alitembea, akauliza, akasikiliza, akafundisha, akangoja. Wengi wetu tukiitwa kumsaidia mwenzetu huanza na lile la nne. Tunafika tukiwa tumebeba Biblia, na aya tumeshaichagua tangu nyumbani. Yule mama hajamaliza kufuta machozi, nasi tumekwisha kumpa mashauri matatu.

Na mwisho wa habari ile kuna jambo la kutufaa sana. Wale wawili waliondoka saa ile ile ya usiku wakarudi Yerusalemu. Hakuna mahali tunapoambiwa kwamba waliagizwa kurudi. Waliinuka wenyewe.

KUKAA NA MGONJWA

Hapa Arusha tumepata walimu wazuri wa jambo hili. Mwaka 1999 Hospitali ya Kilutheri ya Selian, iliyoko Ngaramtoni, ilianza kuwahudumia majumbani wagonjwa ambao ugonjwa wao haukuwa wa kupona. Wengi wenu mnakumbuka miaka ile. UKIMWI ulikuwa umeingia karibu kila ukoo, na dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwa hazijawafikia watu wa kawaida. Serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004. Kabla ya hapo mama aliyekuwa na mgonjwa ndani alikuwa na uji, maji ya moto, na maombi.

Huduma ile iliwatumia wauguzi pamoja na watu wa kujitolea kutoka sharika, na wengi wao walikuwa wanawake kama sisi. Baadaye huduma ya namna hiyo ikaenea katika hospitali nyingine za KKKT. Waliojifunza humo walituambia mambo ambayo hatukuwa tumeyasikia. Kwanza, kwamba maumivu si lazima yaachwe hivi hivi. Hata mgonjwa wa saratani ambaye hawezi kupona anaweza kupewa morfini ya maji ya kunywa, akalala usingizi na akazungumza na watoto wake. Kumwacha mtu alie usiku kucha na kumwambia huo ndio msalaba wake si utumishi, kama dawa ipo. Pili, kwamba mgonjwa aulizwe anachotaka. Mwingine anataka sala. Mwingine anataka kujua nani atamlipia mwanawe karo ya shule. Mwingine anataka tu dirisha lifunguliwe auone mlima.

Sisi tuliotembelea wagonjwa katika jumuiya zetu tulijifunza pia kukaa kimya. Si jambo jepesi kwa akina mama! Lakini kuna nyumba ambako tulikaa saa nzima tukimenya ndizi za mtori pamoja na mama wa mgonjwa, bila hotuba yoyote, na tulipoaga alitushika mikono na kusema kwamba siku hiyo alikuwa amepumzika.

TUSIMSUKUME

Miaka kadhaa iliyopita katika jumuiya yetu kulikuwa na mjane mwenye watoto wanne. Tanga lilipokwisha tu, shemeji zake walimwambia arudi kwao, kwa sababu kihamba ni cha ukoo. Tulipokusanyika nyumbani kwake tuligawanyika. Baadhi yetu tulisema kwamba Mkristo hashindani na ndugu barazani, tukamkumbuka Mtume Paulo alivyowaonya Wakorintho. Wengine tulisema kesho yake asubuhi twende mjini tukatafute wakili. Maneno yalikuwa mengi na sauti zilipanda. Yule mjane alikuwa ameketi karibu na mlango akipukuchua maharage, hasemi neno.

Ndipo bibi mmoja, mzee kuliko sisi wote, alipomgeukia na kumwuliza, "Na wewe mwanangu, unataka nini?"

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba hakutaka kihamba chote. Alitaka nyumba na ile migomba ya nyuma, alikozikwa mumewe, ili watoto wakulie hapo. Akaongeza, "Na mbele ya wanaume sijui kusema. Mkipata wawili tu wa kukaa karibu nami, nitasema."

Basi hiyo ndiyo kazi tuliyopewa, na ilikuwa ndogo kuliko zile tulizokuwa tukigombania. Mmoja wetu alimsaidia kukusanya karatasi: cheti cha ndoa, cheti cha kifo, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Wawili walikaa naye kwenye kikao cha ukoo, na mzee wa kanisa akawapo. Kikao kiliposhindikana walikwenda naye kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Ni vema kila mama ajue kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na ya mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Baraza hilo, ambalo kazi yake ni kupatanisha, lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni lazima wawe wanawake. Mjane wetu aliposimama kusema alikuta nyuso za akina mama mbele yake na wengine kando yake.

Jambo lile lilichukua muda mrefu, tangu msimu mmoja wa kuchuma kahawa hadi mwingine. Mwishowe alipata nyumba na shamba la nyuma mpaka mferejini. Shamba la chini alilikosa. Na shemeji yake mmoja hatusalimii mpaka leo tukikutana mlangoni mwa kanisa. Tunalisema hili ili mtu asidhani kusindikiza hakuna gharama.

Sisi wa mlima huu tungepaswa kuuelewa uchungu wa mjane kama huyu kuliko watu wengine. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu huko Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Watu walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasilisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa, akiwa pamoja na wakili Earle Seaton. Safari ile haikuwarudishia ardhi, lakini dunia ilisikia. Tunawasimulia watoto wetu habari za Kirilo kwa fahari. Je, watoto hao wakituona tunamwondoa mjane kwenye migomba yake, watajifunza lipi?

TUSIMBEBE

Kuna hatari ya upande wa pili. Siku hizi akina mama wengi wamenaswa na mikopo ya haraka ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Mama hukopa kidogo kwa ajili ya genge lake la mboga, riba ikamzidi, akakopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza, na mumewe hana habari. Siku wadai wanapokuja kubeba kitanda na televisheni ndipo mtaa mzima unapojua.

Kikundi kimoja tunachokifahamu huko mjini kilimlipia mwenzao deni lake lote. Ilikuwa huruma ya kweli. Baada ya miezi michache alikuwa na deni jingine, kubwa zaidi, na safari hii aliwakimbia kwa aibu hata kanisani hakuonekana. Huruma ile ilikuwa imelipa fedha bila kugusa siri.

Mama mmoja wa kikundi hicho hakukata tamaa. Alimfuata kwake jioni, akamkuta akiwasha mkaa, akaketi naye. Hakumletea fedha. Alileta daftari la shule na kalamu, wakaandika pamoja kila deni, jina na kiasi, mpaka ukurasa ukajaa. Kisha alimwuliza, "Nani atamwambia baba wa watoto?" Yule mama akalia, akasema atamwambia mwenyewe, ila jirani awe jikoni. Na ndivyo ilivyokuwa. Mume alikasirika sana, akatoka, akarudi usiku, akaliomba lile daftari alisome. Wameendelea kulipa kidogo kidogo mpaka sasa.

Paulo anawafundisha Wagalatia, katika sura ya 6, mambo mawili ambayo ukiyasoma kwa haraka utadhani yanapingana. Anawataka wasaidiane katika yanayowalemea, na papo hapo anasema kila mmoja ana mzigo ulio wake. Mama aliyewahi kupanda mlimani na kuni kichwani hapati shida kuelewa. Mwenzako akishindwa kuutwika mzigo, unamsaidia kuuinua mpaka ukae sawa kichwani pake. Ukiubeba wewe siku zote, shingo yake haitapata nguvu, na yako itavunjika.

SIRI NI AMANA

Akina mama, tuseme kweli. Ziko nyumba ambazo zimebomolewa na maombi yetu. Mtu ametuambia jambo pale kwenye mfereji, naye anadhani limeishia hapo. Siku ya jumuiya tunainamisha vichwa na mmoja anasema, "Tumwombee dada yetu fulani, mnajua yaliyompata..." Hapo kila mtu anafumbua jicho moja. Kabla ya Jumapili habari imefika Usa River, na kwa kuwa tuna makundi ya WhatsApp, inaweza kufika Dar es Salaam kabla ya jogoo kuwika.

Tukitaka kumwombea mtu hadharani, tumwombe ruhusa kwanza. Asipotoa ruhusa, tumwombee chumbani. Mungu anamjua kwa jina bila sisi kumtaja.

SI KILA JAMBO NI LA KUVUMILIA

Hata hivyo kuna mambo ambayo hayapaswi kukaa kwetu. Mama akija na jicho limevimba kwa kupigwa, tusimpe methali ya mvumilivu kula mbivu. Methali hiyo ni ya mkulima angojaye ndizi, haikutungwa kwa ajili ya mtu anayepigwa. Tunawafahamu akina mama waliorudishwa nyumbani mara tatu na nne kwa ushauri wa watu wa dini, na mara ya mwisho wakapelekwa hospitali. Ndoa ni takatifu, na mwili wa mke umo ndani ya utakatifu huo.

Hali kadhalika mtoto akiharibiwa na mtu mzima, hata kama mtu huyo ni mjomba, au mwalimu, au anaimba kwaya, jambo hilo halimalizwi kwa mbuzi wala kwa kikao cha ukoo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Ofisi za Ustawi wa Jamii zipo. Iko pia namba ya simu 116 ya kusaidia watoto, ambayo kuipiga ni bure. Mtoto apelekwe hospitali upesi, na kabla ya kuogeshwa, kwa sababu maji huondoa ushahidi.

Kumpeleka mtu kwa anayeweza zaidi si kumtupa. Ni kumfikisha barabarani na kungoja naye mpaka gari lije. Tofauti ni kwamba tunakwenda naye. Kumwambia tu, "Nenda polisi," na kufunga mlango hakumfikishi popote, kwa maana wengi hurudia njiani.

TUANZE MLANGONI PETU

Labda mama mmoja anasema, "Mimi sina karama ya kushauri watu." Dada, tazama jikoni kwako. Huyo binti aliyetoka Singida au Kondoa kukusaidia kazi za nyumbani, umewahi kumwuliza habari za mama yake? Anakula saa ngapi, na anakula nini? Anajua kusoma? Jumapili nani anabaki na chakula jikoni wakati sisi tunaimba? Ni rahisi kutembelea wagonjwa wa kata nzima tukamwacha huyu mmoja akiwa peke yake katika nyumba iliyojaa watu.

Na wale wavulana wetu wakubwa, ambao wamemaliza shule na sasa wanazungumzia pikipiki ya bodaboda au machimbo ya Mererani, hawatuambii ya moyoni tukiwaweka kitini sebuleni na kuwahoji mbele ya baba yao. Tuwaombe watusindikize. Tubebe kikapu pamoja kwenda sokoni. Njiani mtoto hatazamwi usoni, na hapo huweza kusema.

ANAYESINDIKIZA NAYE HUCHOKA

Neno la mwisho ni kwa ajili yetu wenyewe. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, nabii Eliya alifika mahali akaomba afe. Mungu hakumpa hotuba. Alimpa usingizi na mkate, akamlaza tena na kumlisha tena, ndipo baadaye akamwuliza swali. Mama ambaye amemwuguza mkwewe, amekwenda kwenye misiba miwili, amepika kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani, na bado ana zamu ya kufagia kanisa, asione aibu kulala mchana. Wala tusimsifu mwenzetu kwa kutopumzika. Tumchukulie zamu yake.

Basi mwezi huu, kila jumuiya ichague nyumba moja. Waende wawili wawili, si zaidi, maana umati humfunga mtu mdomo. Wapeleke kitu cha jikoni, hata chane moja ya ndizi. Wakae, waulize, wasikilize. Na yule mwenye nyumba akisimama kuwasindikiza, msimkataze kwa kumwonea huruma. Mwacheni aje nanyi mpaka barabarani. Huenda ana jambo.

Mungu wa amani awabariki ninyi na nyumba zenu.